Almasi ni Kigiriki? Barua zenu kuhusu majina ya mawe

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba neno letu almasi, ukilifuata mpaka kwao, utafika Ugiriki. Sikutarajia, lakini barua zimenijia nyingi kuliko mada yoyote niliyowahi kuandika hapa, wengine wakiuliza, wengine wakibisha. Nimechagua tano nizijibu vizuri.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, tumepewa orodha ya madini tuyakariri na karibu yote yaishia aiti aiti, mara hemataiti, mara magnetaiti, mara grafaiti, kichwa chauma. Nani aliyatunga haya majina na mbona yasiwe ya lugha tunayoielewa? — Mwanafunzi, Kisauni

Marahaba mwanangu. Kwanza acha kukariri. Hayo majina si nambari za simu, ni maelezo, ukijua kuyafungua yenyewe yatakwambia jiwe likoje.

Hiyo aiti inayokuchosha ndiyo rahisi kuliko yote. Wagiriki walikuwa na kijineno -ites, maana yake "la" au "lenye", na jiwe wao waliita lithos, kwa hivyo wakitaka kusema jiwe la damu walisema haimatites lithos, halafu watu wakachoka na urefu wake wakaliacha lile neno jiwe, ikabaki haimatites peke yake. Ni kama sisi tunavyosema Mshirazi bila kutaja kila saa kwamba ni mtu wa Shiraz. Basi ukiona aiti mwishoni soma "jiwe la", kisha shughulika na kilichotangulia. Magnetaiti ni jiwe la Magnesia, sehemu ya Ugiriki. Halaiti inatokana na hals, chumvi, yaani ile ile inayovunwa Gongoni kwa kukausha maji ya bahari. Baraiti inatokana na barys, zito, na ukiishika utaelewa mara moja, haina sura ya chuma, ni jiwe jeupejeupe tu la kawaida, lakini mkono unashuka, manake uzito wake ni mara 4.5 ya maji ya ujazo huo huo. Iko hapa hapa Kilifi, upande wa Vitengeni.

Nikupe na mawili ninayoyapenda sana. Apataiti limetoka kwenye neno la Kigiriki la kudanganya, sababu lilikuwa likifananishwa na mawe mengine ya thamani mpaka Mjerumani Abraham Werner akalitenga na kulipa jina mwaka 1786. Sfaleraiti nalo maana yake ni hiyo hiyo karibu, la hadaa, kwa kuwa wachimbaji walilichukua wakidhani ni mawe ya risasi, ile metali laini nzito, wakaliyeyusha wasipate risasi hata chembe, kumbe ni mawe ya zinki. Sasa hebu niambie, jina kama hilo lahitaji kukaririwa? Wachimbaji waliopata hasara ndio wanakusimulia.

Kwa nini Kigiriki na si lugha nyingine? Wagiriki walianza mapema kuandika habari za mawe, Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alishaliandika hilo jiwe la damu karne ya 4 kabla ya Kristo. Na wataalamu wa Ulaya walipokuja kupanga elimu ya madini miaka ya 1700 na 1800 kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani, ila shuleni wote walisoma Kilatini na Kigiriki, kwa hivyo huko ndiko walikokutana.

Asalaam aleikum. Nilinunua bangili ya shanga nyeusi zinazong'aa kwa kijana mmoja anayetembeza pale kivukoni, akaniambia ni hematite, jiwe la damu, yavuta presha na kuongeza damu mwilini. Zinashikana zenyewe kama sumaku. Ni kweli? — Mama, Kibokoni

Aleikum salaam mamangu. Nitajibu jina kwanza, halafu bangili, halafu presha, na hili la presha nakuomba usiliruke.

Jina amekwambia kweli. Haima ni damu kwa Kigiriki, na wewe umeshalisikia bila kujua, kule kliniki wanapopima hemoglobini ni haima hiyo hiyo, na wakisema anemia ni an, yaani bila, na haima, damu. Lakini swali ni kwamba jiwe jeusi linalong'aa kama kioo linahusiana vipi na damu? Mimi lilinisumbua mpaka siku nilipolishika mwenyewe. Chukua kigae cha bafuni kilichovunjika, kigeuze mgongo, ule upande mkavu usiopakwa rangi, kisha sugua jiwe pale kwa nguvu kidogo kama unaandika. Jiwe ni la kijivu karibu na weusi, ila mstari unaotoka ni mwekundu wa hudhurungi, rangi ya damu iliyokauka kwenye kitambaa. Ukilisaga ukatia maji, maji yanakuwa mekundu. Nilipouona ule mstari nikanyamaza kabisa, nikajua yule aliyeliita jiwe la damu hakuangalia kwa nje, alilisugua.

Ule wekundu ni chuma kilichoungana na oksijeni, ni ndugu wa kutu inayotulia madirisha huku kwetu kwa sababu ya upepo wa bahari. Udongo mwekundu wa Voi, na ndovu wa Tsavo wanaoonekana wekundu kwa kujirushia udongo huo, wamepakwa madini ya chuma ya jamii hiyo hiyo.

Sasa bangili. Hematite halisi haivutwi na sumaku kwa nguvu, inavutwa kidogo sana, wala shanga zake hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Zikishikana ujue kwa kawaida ni shanga zilizotengenezwa kiwandani zikatiwa usumaku. Ni nzuri kuvaa, mkono unapendeza, ila bei ya jiwe usitoe.

Na presha, mamangu, hakuna jiwe linaloshusha presha wala la kuongeza damu kwa kuvaliwa mkononi. Imani hii imetokana na jina lenyewe, watu wa kale walisikia damu wakadhani latibu damu, kama vile walivyodhani amethisti, lile jiwe la zambarau, lamzuia mtu kulewa kwa sababu jina lake ni a, si, na methy, mvinyo, yaani lisilolevya. Jiwe la damu liliitwa hivyo kwa rangi ya unga wake, hakuna zaidi. Dawa zako meza kama daktari alivyokuandikia, bangili vaa kwa urembo.

Mwalimu wewe wasema almasi ni Kigiriki, mimi najua ni Kiarabu, hata Kurani tunasoma kwa Kiarabu na almas twaijua. Sasa ni lipi? — Msomaji, Majengo

Yote mawili ndugu yangu, na hapo ndipo utamu ulipo. Sisi tumelitoa kwa Waarabu, hilo halina ubishi, lakini Waarabu nao lilifika kwao kutoka kwenye adamas ya Kigiriki, ambayo ni a, si, na neno la kutiisha au kufuga mnyama, ukiyaweka pamoja unapata kisichoshindika. Zumaridi ni hivyo hivyo, zumurrud ya Kiarabu na smaragdos ya Kigiriki. Yakuti pia, nyuma yake kuna hyakinthos. Maneno hayakuja kwa ndege, yalikuja na bidhaa, mfanyabiashara anakuuzia jiwe na jina lake, nawe unamuuzia wa pwani ya pili jiwe lile lile na jina lile lile likiwa limechakaa kidogo kwa ndimi za njiani. Mji kama Mombasa haufai kushangaa hilo, bandari ndiyo kazi yake.

Na safari inakwenda pande zote. Neno zirkoni ambalo Wazungu wanalitumia, wao ndio walilipata kutoka kwa Waarabu, nao Waarabu kwa Waajemi, kwao maana yake ni rangi ya dhahabu.

Nimefanya kazi za kubeba ule mchanga wa Kwale ukipakiwa melini Likoni. Tulikuwa twasikia ilmenite, rutile, zircon. Hayo nayo ni Kigiriki? — Kijana, Likoni

Zirkoni nimeshaisema hapo juu. Rutaili ni Kilatini, yaani nyekundu. Ilmenaiti ina mkia wa Kigiriki ila kichwa ni cha milima ya Ilmen huko Urusi. Kwa hivyo tatu zote hazina shina la Kigiriki, lakini ile metali iliyo ndani ya ilmenaiti na rutaili, titani, hiyo ndiyo yenye jina la Kigiriki. Mwaka 1791 William Gregor, kasisi wa Cornwall kule Uingereza, alichukua mchanga mweusi wa kijito akaupima akaona una metali asiyoijua. Miaka minne baadaye, 1795, mkemia Martin Klaproth wa Ujerumani akaikuta kwenye rutaili akaiita jina la Matitani, wale majitu watoto wa Ardhi katika hadithi za Kigiriki. Mchanga wa Kwale ulichimbwa kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024, na kile cheusi ulichokuwa ukikibeba kazi yake kubwa duniani ni kutengeneza rangi nyeupe, ya ukuta, ya karatasi, hata ya dawa ya meno.

Mwalimu, mimi niko Changamwe ila kwetu ni Taita. Kule kuna jiwe la buluu wazee wanasema lilikuwa likichimbwa zamani, na tuna tsavorite. Kwani sisi hatuwezi kuyapa mawe yetu majina ya kwetu? — Baba, Changamwe

Swali hili limenigusa. Hilo la buluu bila shaka ni kayanaiti ya Murka, kutoka kyanos, rangi ya buluu iliyokoza. Lakini lina jina la pili ambalo kwangu mimi ndilo bora, disthene, di ni mbili na sthenos ni nguvu. Ukienda nyumbani chukua kipande kirefu, kiko kama kibanzi cha mbao, kisha chukua kisu. Kikwaruze kufuata urefu, kisu kinaacha alama. Sasa kikwaruze kukata upana, kisu kinateleza tu hakifanyi kitu. Jiwe moja, ugumu mara mbili, kama 5 kwa urefu na kama 7 kwa upana, na Mfaransa aliyelipa jina hilo, René Just Haüy, alikiweka kipimo chote kwenye neno moja. Hivyo ndivyo napenda jiwe liitwe.

Majina ya kwetu yapo, mzee wangu. Tsavoraiti imeitwa kwa Tsavo miaka ya 1970, na tanzanaiti kwa Tanzania mwaka 1968, ila hayo mawili ni majina ya sokoni, kitaalamu ya kwanza ni aina ya ganeti na ya pili ni aina ya zoisaiti. Watu wengi hawajui kwamba yako mengine yaliyoingia kabisa kwenye daftari la madini ya dunia, magadiaiti na kenyaiti, yote yalielezwa mwaka 1967 kutoka Ziwa Magadi. Siku hizi anayegundua madini mapya ndiye anayependekeza jina, kisha kamati ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa madini inalipitisha au kulikataa, na hakuna sharti liwe la Kigiriki. Kwa hivyo mlango uko wazi, kinachotakikana ni watoto wetu wasome jiolojia wawe wao ndio walioshika nyundo siku hiyo. Nami naona tusiridhike na kuweka jina la mahali tu. Mahali ni heshima, sawa, lakini Mtaita akigundua jiwe lenye nguvu mbili mbona asiliite kwa Kitaita jina linalosema hivyo?

Nafasi imebaki ya moja fupi, mama mmoja wa Tudor ana mtoto anayetafuna kalamu ya risasi naye ana hofu ya sumu ya risasi. Tulia mama, ndani hamna risasi. Mle ni grafaiti iliyochanganywa na udongo, na grafaiti ni kaboni, jamaa wa makaa. Watu wa zamani waliona inaacha alama ya kijivu wakadhani ni aina ya risasi, Waarabu wakasema hivyo, Waingereza wakasema hivyo, na sisi tukafuata, mpaka mwaka 1779 mkemia Scheele alipoonyesha ni kaboni, na miaka kumi baadaye Werner akaipa jina kutoka graphein, kuandika. Kalamu yenyewe ni kalamos, mwanzi, nalo ni la Kigiriki. Muhimu ni ile rangi ya nje na vipande vya mbao, hivyo asivimeze.

Barua za toleo lijalo ziwe kuhusu majina ya samaki, tayari nina mbili za kutoka Kilindini.