Picha inaruka ukibadili kamera

Mkuu, umesema ukikata kutoka kamera 1 kwenda 2 picha inaruka, hapo shida sio waya wa picha. Kila kamera ina saa yake ndani, fremu (picha moja moja za video) hazianzi pamoja, kama wavuvi wa Kirumba wanavuta wavu mmoja kila mtu na mdundo wake 😅 Unahitaji jenereta ya sinki (kifaa kinachotoa mdundo mmoja kwa kamera zote), unachomeka kwenye tundu la jenloki, yaani la kupokea mdundo huo, la kila kamera (hizi ndogo nyingi hazina, cheki kwanza), na ukipitisha waya kamera hadi kamera kwa T (kiungo cha kugawa waya), basi kamera ya mwisho iwekee kizibo cha omu 75 kuzuia mawimbi yasirudi nyuma, mi nilisahau harusini Ilemela nikahangaika mpaka keki inakatwa. Taimukodi (namba ya saa ya kila fremu) sio jenloki eti, ile inahesabu fremu tu. Ukikosa jenloki tafuta swicha (mashine ya kubadili kamera) inayosawazisha fremu yenyewe, utavumilia kuchelewa kama fremu moja, kwa 25p (fremu 25 kwa sekunde) ni milisekunde 40.