Sefu ya bunduki: ya funguo au ya namba?

SWALI: Nina bunduki moja ya leseni na watoto wawili watundu, sefu ninunue ya funguo au ya namba?

JIBU: Ndugu, kwa watoto hao chukua ya namba, maana funguo lazima uzifiche na wao ndo mabingwa wa kufukunyua, ila usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu na betri badilisha kabla haijaisha. Mi ningeangalia unene wa bati la sefu kwanza, la milimita 3 linampa mwizi kazi, la milimita 1 mtaimbo tu unalipinda. Afu ifunge kwa bolti kwenye zege, la sivyo inabebwa nzima nzima na bunduki ndani! Risasi zitoe, zifungie kwingine. Na vipakti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, weka ndani, unyevu unaleta kutu.