Mwislamu peke yako ofisini: nilivyoishi na wenzangu katika hospitali ya kanisa

Mdogo wangu, umeeleza kwamba umekulia Pangani, umepangiwa kazi Njombe katika ofisi ambayo wenzako wote ni Wakristo, na kwamba kinachokuumiza si kubughudhiwa, maana hakuna anayekubughudhi, bali ni kule kubaki pembeni: asubuhi wanasali pamoja, mchana wanakula pamoja, na Jumatatu wanazungumza mambo ya kanisani ambayo wewe hukuwapo. Unauliza kama uombe uhamisho. Mimi natoka Tanga, na nimefanya kazi kwa miaka mingi katika famasi ya hospitali moja ya kanisa kwenye nyanda hizohizo za juu kusini, kwa hiyo nitakueleza yale niliyoyaishi.

Watu wengi watakushauri uiache dini yako nyumbani ili usiwakwaze wenzako. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayeficha imani yake huwaacha wenzake wakibahatisha: hawajui wamkaribishe chakula gani, hawajui wamwite kwenye shughuli ipi, na mwishowe huacha kumwita kabisa kwa kuogopa kumuudhi. Upweke wako, kwa jinsi ninavyousoma, unatokana zaidi na kutojulikana kuliko na kukataliwa. Waambie mapema, kwa upole na bila kuomba radhi, ni mambo gani huwezi kuyafanya, kisha uonekane katika mengine yote.

Hizo sala za asubuhi hazikuanzishwa dhidi yako. Wamisheni wa Berlin walifika nyanda hizi katika miaka ya 1890, na huduma nyingi za elimu na tiba zilikua mikononi mwa makanisa, hivyo desturi ya kuanza kazi kwa neno na wimbo ilitangulia kuzaliwa kwako na kwangu. Katika hospitali yetu ripoti ya usiku na matangazo ya kazi yalisomwa katika mkusanyiko uleule wa sala, kwa hiyo kutohudhuria kulimaanisha kukosa habari za wagonjwa. Nilimweleza matroni katika wiki yangu ya kwanza kwamba nitakuja, nitakaa kwa adabu, nitasimama wenzangu wanaposimama, lakini sitaimba wala kutamka maneno ya ibada. Alinishukuru kwa kumweleza, na tangu hapo hakuna aliyenipa zamu ya kuongoza neno. Kama dhamiri yako haikuruhusu hata kukaa hapo, muulize shehe unayemwamini, kisha umweleze mkuu wako kwamba utaingia sala ikishamalizika.

Kuhusu chakula, jambo kubwa huko ni nyama ya nguruwe, ambayo hupikwa kwenye sherehe nyingi, na ulanzi, pombe ya mianzi, ambao huenda ukapitishwa mbele yako kama ishara ya kukukaribisha. Ulanzi utaukataa kwa kushukuru na kuomba chai. Nguruwe inahitaji mazungumzo na anayepika, kwa sababu shida mara nyingi imo katika mwiko mmoja unaoingia kwenye sufuria mbili. Mama aliyetupikia pale kazini alinitengea mwiko na sufuria yangu bila kinyongo, na baada ya muda wenzangu kadhaa wakawa wanakula maharage kutoka kwenye sufuria yangu. Kula pamoja nao, hata kama ni ugali na mboga za majani tu, kwa sababu meza ya mchana ndiyo mahali ambapo watu huambiana habari za watoto wao, mashamba yao na madeni yao.

Lakini kama kuna jambo moja lililonifanya niwe mtu wa pale, ni misiba. Tulikuwa na daftari la michango, na kila mfanyakazi alichanga mwenzake alipofiwa. Hilo ni jepesi, kila mtu hulifanya. Kazi yenyewe ya msiba iko jikoni na uani, ambako hakuna anayeuliza dini ya mtu anayemenya viazi au kuchota maji. Nilikwenda kila nilipoweza, nikavaa khanga yangu, nikafanya kazi pamoja na wanawake wa mtaa huo, na ibada ya mazishi ilipoanza nilikaa kimya nyuma. Mama yangu alipofariki, nilisafiri usiku kwenda Tanga, na kwa kuwa sisi huzika mapema wenzangu hawakuweza kunifuata. Niliporudi walikuja nyumbani kwangu jioni, na kabla hawajaingia matroni alinivuta kando akaniuliza kama waimbe au wakae kimya. Nilimwomba wakae nami tu. Walikaa hadi usiku, mmoja wao akafagia uwanja, mwingine akapika uji, na hakuna aliyeimba. Swali lile la matroni nililithamini kuliko rambirambi zote.

Zamu nazo zinaweza kuwa daraja. Nilijitolea kufanya kazi Krismasi, Ijumaa Kuu na Pasaka, nao wakanishikia nafasi katika sikukuu za Idi. Kwa kuwa Idi el-Fitri hutegemea mwezi kuandama, usisubiri tangazo la usiku. Andika ombi mapema, ukionyesha siku zote mbili zinazowezekana, ili anayepanga zamu asihangaike. Katika Ramadhani niliomba zamu ya asubuhi, na siku nilizopangiwa ya mchana wenzangu walinipokea kwa dakika chache wakati wa kufuturu. Kwaresma ilipoangukia miezi hiyohiyo, kama ilivyokuwa mwaka 2025 ambapo Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, siku chache baada ya Ramadhani kuanza, tulizungumza mengi kuhusu kufunga ambayo nisingeyasikia katika mwaka wa kawaida.

Wewe ni mwanamume, hivyo Ijumaa inakuhusu kuliko ilivyonihusu mimi. Dereva wetu, Mwislamu mwenzangu wa pekee kwa muda mrefu, alikubaliana na mkuu wake kwamba Ijumaa ataanza kazi mapema na kutumia mapumziko ya mchana kwenda msikitini, na hakuwahi kuchelewa kurudi. Sheria iko upande wako: Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa dini, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa dini kazini. Ijue, lakini usianze nayo. Anayetajiwa kifungu kabla ya kuombwa hujilinda, na kisha atakupa haki yako bila kukupa urafiki.

Sitaki pia udhani kwamba wenzako wa kazini watatosheleza kila kitu. Huwezi kuwaomba wakuamshe daku wala wakusahihishe kisomo. Tafuta msikiti, jitambulishe kwa imamu, na uwajue Waislamu wa mji huo, hata kama wengi ni wafanyabiashara ambao huna cha kuzungumza nao kuhusu kazi yako. Nilikuwa mtulivu zaidi hospitalini baada ya kupata kina mama wa kusoma nao, kwa sababu sikuwa tena nikiwadai wenzangu kitu wasichokuwa nacho.

Kuhusu uhamisho, ningekuomba usiandike barua kabla hujapitisha Ramadhani moja na Pasaka moja katika ofisi hiyo, ukiwa umeshawaeleza mipaka yako na umeshakwenda kwenye misiba yao. Baada ya hapo, ukiona bado hakuna anayekuuliza habari zako, omba uhamisho bila kuona aibu, na utaje sababu nyingine ya kweli uliyonayo, kama vile kuwa karibu na wazazi wako.