Uliza Mhandisi: Boriti, Roshani na Mbao Inayoning'inia

Toleo hili tumewaachia wanafunzi wa usanifu majengo. Barua zao ni nyingi na karibu zote zinaomba fomula. Fomula tutatoa, ila kwa sharti moja: kabla hujaandika namba yoyote, chora kwa penseli jinsi kitu chako kitakavyonepa kikilemewa, na uzidishe mnepo kama mchora katuni. Upande unaorefuka unavutwa, upande unaofupika unabanwa. Mchoro huo wa nusu dakika utakuepusha na makosa ambayo kikokotoo hakiyaoni.

Shikamoo mhandisi. Tulipelekwa Mji Mkongwe kupima nyumba za zamani. Vyumba vina urefu wa mita 6 au 7, lakini upana haufiki hata mita 3. Mwenzangu anasema ni mila, mimi nasema ni ufinyu wa viwanja. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Zanzibar)

Marahaba. Wote wawili mmetazama chini, tazameni dari. Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, kila moja na unene wa sentimita 12 hivi, zimelazwa kukatisha upana wa chumba. Juu yake kuna mawe ya matumbawe na chokaa iliyopondwa, mzigo mzito kwelikweli.

Tupige hesabu kwa namba za kukadiria. Sakafu yenye unene wa sentimita 30, ikiwa na uzito wa kN 18 (kilonewton, yaani newton elfu 18) kwa mita ya ujazo, inatoa kN 5.4 kwa kila mita ya mraba. Ongeza kN 1.5 za watu na vyombo. Tuseme jumla ni 7. Boriti zikipangwa kila sentimita 30 kutoka kati hadi kati, kila moja inabeba 7 × 0.3 = kN 2.1 kwa mita ya urefu wake. Boriti inayoegemea kuta mbili hunepa kama kamba ya kuanikia nguo: uso wa chini unavutwa, wa juu unabanwa, na momenti (nguvu ya kupinda) kubwa iko katikati, wL²/8, ambapo w ni mzigo kwa mita na L ni urefu kati ya kuta. Kwa mita 2.8 tunapata 2.1 × 7.84 ÷ 8 = kNm 2.06.

Uwezo wa mti wa mviringo kupinga kupinda unapimwa kwa πd³/32. Kwa kipenyo cha mm 120 ni kama mm³ 169,600. Gawanya momenti kwa namba hiyo: mkazo wa N 12 kwa mm². Mkoko ni mti mgumu, unaumudu.

Sasa tanua chumba kifike mita 4. Momenti inapanda hadi kNm 4.2 na mkazo hadi N 25 kwa mm². Upana umeongezeka kwa asilimia 43, mkazo umezidi maradufu, kwa sababu L imezidishwa kwa yenyewe. Mnepo ni balaa zaidi. Fomula yake ni 5wL⁴/384EI (E ni ugumu wa mti wenyewe, I hutokana na umbo na unene wake), hivyo unakua zaidi ya mara nne. Hata boriti isipovunjika, chokaa haipindi pamoja nayo: inapasuka, mvua inapenya, na mti unaanza kuoza. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mikoko, mila ikafuata. Mafundi wa Lamu walipotaka nyumba pana hawakurefusha boriti. Walipanga misana (vyumba virefu vyembamba) sambamba, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kuta zake nene. Miti hiyohiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, na huko nako vyumba vya zamani vina wembamba uleule.

Jambo moja la kuweka kwenye ripoti yenu: kagueni ncha za boriti, mahali zinapoingia ukutani. Momenti pale ni sifuri, ndiyo maana wanafunzi wengi hupapuuza, lakini nguvu ya kukata iko juu kabisa pale, na ndipo unyevu wa ukuta unapojificha. Chomeni kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inang'aa.

Habari za kazi. Nimechora roshani inayotokeza mita 1.2 nje ya ukuta, slabu ya mm 150. Nondo nikazionyesha chini, kama za slabu ya ndani. Mwalimu akazungushia wino mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mbeya)

Kosa hilo likijengwa linaua, kwa hiyo wino ulistahili. Chora mnepo. Slabu ya ndani hunepa kama machela, roshani hunepa kama tawi la mwembe lililopandwa na mtoto: ncha inashuka, uso wa juu unarefuka, na mvuto mkubwa kabisa uko pale tawi linapoungana na shina. Zege hubanwa vizuri lakini uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa kubanwa. Nondo zinatakiwa upande unaovutwa. Kwa roshani ni juu.

Namba zake ni hizi. Uzito wa slabu ni 0.15 × 25 = kN 3.75 kwa mita ya mraba, plasta na vigae kN 1, watu kN 2.5, jumla 7.25. Momenti kwenye shina, yaani pale slabu inapotoka ukutani, ni wL²/2, yaani 7.25 × 1.44 ÷ 2 = kNm 5.2 kwa kila mita ya upana. Slabu ya urefu huohuo iliyoegemea pande zote mbili ingepata wL²/8, yaani 1.3 tu. Ncha moja kukosa egemeo kumegharimu mara nne.

Halafu njoo kwenye ukingo, ambao nina hakika umeuchora wa tofali kwa sababu kila mtu huuchora hivyo. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 1, pamoja na plasta, ni kama kN 3.3 kwa kila mita. Uko nchani, mita 1.125 kutoka shinani, hivyo unaleta kNm 3.7. Ukingo peke yake umeongeza momenti kwa asilimia 70. Ukiweka reli ya mabomba ya chuma yenye kN 0.3 kwa mita, nyongeza ni 0.34 tu. Huu ni uamuzi wa msanifu, si wa mhandisi, na unafanyika siku ya kwanza ya mchoro. Namba zote hizi bado hazijazidishwa kwa vigezo vya usalama, mhandisi atazidisha.

Saiti ndipo mambo huharibika. Kwa kinga ya zege (zege linalofunika nondo) ya mm 25 na nondo za mm 12, kina kinachofanya kazi, kutoka uso wa chini hadi katikati ya nondo za juu, ni mm 119. Vibarua wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege zikashuka mm 40, kinabaki 79. Uwezo wa roshani umeshuka kwa theluthi moja na zaidi kidogo, na ukitazama kwa nje huoni kitu mpaka ufa utokee juu, sambamba na ukuta. Kwa hiyo onyesha kwenye mchoro, usiseme "fundi atajua": vipande vya nondo vilivyokunjwa mfano wa viti, kila nusu mita hivi, kushikilia nondo za juu, nondo hizo ziingie ndani ya jengo angalau mara moja na nusu ya mtokezo, kwako mita 1.8, vinginevyo zitachomoka kama msumari kwenye mbao mbichi. Na mirunda inayoshikilia slabu iondolewe kuanzia nchani kurudi ukutani. Ukianza kuondoa ya ukutani, slabu inabaki imeegemea ncha na kupinda kwa namna ambayo nondo zake hazikupangiwa.

Kuhusu unene, kwa mchoro wa awali gawanya mtokezo kwa 8. Wako unatoa mm 150 kamili. Uko mpakani, ukirefusha roshani hata kidogo, ongeza unene pale shinani.

Kilo na kilonewton zinanichanganya. (Mwaka wa kwanza, Dodoma)

Kilo hupima wingi wa kitu, newton hupima nguvu ambayo kitu hicho kinasukuma chini. Zidisha kilo kwa 9.81 upate newton. Ili upate picha kichwani, mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 ni karibu kN 1. Ukiona kN 30 kwenye jibu, fikiria mifuko 60 na ujiulize kama inaingia akilini.

Kenchi yetu ina mbao moja iliyosimama katikati na mishazari miwili inayotoka kitakoni pake kwenda katikati ya mbao za mteremko. Fundi anasema mbao hiyo ya kati ndiyo nguzo inayobeba kipeo cha paa. Mbona mwalimu anasema inavutwa? (Wanafunzi watatu, Arusha)

Fundi ana macho, mwalimu ana hesabu, na safari hii hesabu inashinda. Jiulizeni: nguzo hiyo imekanyaga nini? Imekanyaga mbao ya chini ya mbili kwa nne, yenye mita 6 bila egemeo katikati. Kitu chembamba namna hiyo hakiwezi kubeba kipeo.

Kipeo kinajibeba chenyewe: mbao mbili za mteremko zinasukumana pale juu, na miguu yao inataka kutanuka. Mbao ya chini inaizuia isitanuke, kwa hiyo inavutwa. Mishazari inabanwa, inapokea mzigo kutoka katikati ya mteremko na kuusukuma chini, kwenye kitako cha mbao ya kati. Nani anazuia kitako kisishuke? Mbao ya kati, ambayo imening'inia kwenye kipeo.

Chukueni kenchi ya mita 6 yenye mteremko wa nyuzi 30, mabati, kenchi kila mita 1.2. Kwa kN 0.65 kwa mita ya mraba, pamoja na mtu anayepanda kutengeneza, jumla W ni kN 4.7. Kila mshazari unabanwa kwa W/4, mbao ya kati inavutwa kwa W/4, yaani kN 1.2, na mbao ya chini karibu na ukuta inavutwa kwa 0.65W, kama kN 3. Thibitisheni wenyewe kwa kusawazisha nguvu kwenye kila kiungo. Anzeni ukutani, kisha katikati ya mteremko, na mmalizie kwenye kitako.

Ubaya wa imani ya fundi unaonekana kwenye viungo. Anayeamini mbao imekaa huipigilia misumari miwili ya kuishikiza tu. Misumari inateleza, kitako kinashuka, dari inatengeneza tumbo, na lawama anabebeshwa muuza mbao. Kiungo cha kitako kinahitaji vibao vya kubana pande zote mbili au bamba la chuma lenye bolti. Vivyo hivyo mbao ya chini ikiungwa njiani: ungio lisilo na vibao vya pembeni ni kamba iliyokatwa. Na upepo mkali ukinyanyua mabati, nguvu zote hugeuka. Iliyokuwa inavutwa inabanwa. Ndiyo maana bolti na bamba ni bora kuliko ungio la kukaliana.

Sebule yangu ina kimo cha mita 6. Mhandisi amekataa nguzo za mm 150 kwa 150 ingawa mzigo ni mdogo. Anatisha tu? (Msomaji, Mombasa)

Hatishi. Simamisha rula ya plastiki mezani na uisukume kwa kidole: inatoka pembeni muda mrefu kabla plastiki haijapondeka. Nguzo ndefu hushindwa hivyo. Mzigo wa kuitoa pembeni ni π²EI/L², kwa hiyo kurefusha nguzo maradufu kunaacha robo ya uwezo. Kwa nguzo za zege zilizozuiwa zisiyumbe, wahandisi hugawanya urefu wake kwa upande mwembamba; ikizidi 15 wanaihesabu kuwa nyembamba na kuongeza momenti ya ziada. Yako ni 6000 ÷ 150 = 40. Ukiweka mm 300 unafika 20, inawezekana kwa hesabu ya ziada. Ukiweka 400 unafika 15. Nguzo ya 150 kwa 300 haitakusaidia, maana itatokea upande wa 150. Kama unataka wembamba, funga bimu kwenye kimo cha mita 3, hata ya kupita tu bila sakafu, na izuie pande zote mbili.

Bomba la maji machafu lipite wapi kwenye bimu? (Fundi mchoraji, Kigoma)

Karibu na katikati ya urefu wa bimu, na katikati ya kina chake. Pale mvuto uko chini, mbano uko juu, na kati kuna kazi ndogo. Usilipitishe karibu na nguzo: pale nguvu ya kukata ni kubwa na ringi (vyuma vinavyozunguka nondo) zimesongamana kwa sababu hiyo. Tundu liachwe kabla ya kumwaga zege, mhandisi akishaliona. Likichimbwa baadaye kwa tindo, cha kwanza kukatwa huwa ni ringi.