Kabla hujanunua hisa za mkutano wa marais mahasimu

Katika miaka ambayo nimekuwa nikifuatilia masoko ya utabiri, mikataba ninayoulizwa zaidi na jamaa na marafiki ni ile inayohusu viongozi walio mahasimu: je, Trump atakutana na Putin kabla ya tarehe fulani, je, Putin na Zelenskyy wataketi meza moja mwaka huu? Mvuto wake naufahamu, kwa kuwa habari zake hazikauki na kila mmoja wetu ana la kusema juu yake. Hata hivyo, kuwa na maoni kuhusu vita vya Ukraine ni jambo moja, na kujua kama hisa inayouzwa senti 40 ni rahisi au ni ghali ni jambo jingine kabisa. Kwa asiyezijua hisa hizi, kwenye majukwaa kama Polymarket na Kalshi hisa ya "ndiyo" hulipa dola moja tukio likitokea na hailipi chochote lisipotokea, kwa hiyo bei ya senti 40 husomwa kuwa soko linaliona tukio lina uwezekano wa takriban asilimia 40.

Ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wote ni kusoma masharti ya mkataba kabla ya kutazama bei, kwa sababu kichwa cha swali huandikwa ili kivutie, ilhali fedha hulipwa kwa kufuata masharti. Je, kupeana mikono ukumbini kwenye mkutano wa G20 kunahesabika? Mazungumzo ya video je? Siku ya mwisho inaisha kwa saa za nchi gani, na ni nani atakayethibitisha? Mwaka 2025 Polymarket ilikuwa na swali kama Zelenskyy angevaa suti kabla ya Julai. Mwishoni mwa Juni alihudhuria mkutano wa NATO mjini The Hague akiwa na vazi jeusi ambalo vyombo kadhaa vya habari viliita suti. Ukazuka ubishi, shauri likapelekwa kwa wenye tokeni za UMA, yaani sarafu ya kidijitali inayompa mwenye nayo haki ya kupiga kura, ambao kura yao ndiyo huamua migogoro ya jukwaa hilo, nao wakalifunga swali kwa "hapana". Fedha zilizozunguka katika soko hilo zilizidi dola milioni 100. Ikiwa vazi lililoonekana na dunia nzima liliweza kuleta mzozo wa namna hiyo, kikao cha dakika chache nyuma ya milango iliyofungwa kitaleta mkubwa zaidi.

Baada ya masharti, watazame wasaidizi kuliko wakubwa wao. Tarehe 16 Oktoba 2025, baada ya kuzungumza na Putin kwa simu, Trump alitangaza kwamba wangekutana Budapest, na aliyenunua "ndiyo" siku ile alikuwa ananunua furaha ya tangazo. Jambo la kungojea lilikuwa kikao cha maandalizi cha mawaziri wa mambo ya nje, Rubio na Lavrov. Hao wawili waliishia kuzungumza kwa simu tarehe 20, kesho yake Ikulu ya Marekani ikasema hakuna mpango wa marais kukutana hivi karibuni, na tarehe 22 Trump mwenyewe akathibitisha kwamba ameufuta mkutano.

Kanuni hiyo hufanya kazi upande wa pili pia. Tarehe 24 Mei 2018 Trump alimwandikia Kim Jong Un barua ya kuufuta mkutano wa Singapore, lakini siku chache tu baadaye wajumbe wa nchi hizo mbili walikuwa wanakutana Panmunjom, kwenye mpaka wa Korea mbili, na tarehe 12 Juni viongozi wakakutana kama ilivyopangwa awali. Vilevile, tarehe 10 Oktoba 2025 Trump aliandika kwamba haoni tena sababu ya kukutana na Xi Jinping na akatishia ushuru wa ziada wa asilimia 100. Wapatanishi wa biashara wa pande zote mbili wakaendelea na kazi yao Kuala Lumpur, na tarehe 30 marais wakakutana Busan. Hapo kulikuwa na jambo jingine la kupima, nalo ni kwamba wote wawili walikuwa tayari na safari ya Korea Kusini kwa ajili ya mkutano wa APEC, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Asia na Pasifiki. Mkutano unaoegemea safari iliyokwisha kupangwa nauthamini kuliko ule unaohitaji ndege mbili ziruke kwa ajili yake peke yake.

Mahali pa mkutano ni soko la peke yake, nalo nalipenda kidogo zaidi, maana orodha ya nchi huanza kwa kupunguzwa. Tangu Machi 2023 Putin ana hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), na Agosti mwaka huo hakwenda Johannesburg kwenye mkutano wa BRICS, bali alihutubia kwa video. Hata hivyo, kujua asikoweza kwenda hakukwambii atakwenda wapi: tarehe 7 Agosti 2025 aliitaja Falme za Kiarabu kuwa mahali panapofaa, na siku iliyofuata Trump akatangaza Alaska.

Wapo wanaodhani kununua "hapana" kwa senti 97 ni kuokota fedha. Unapata senti tatu kwa kuhatarisha 97, na mikutano ya ghafla ipo. Tarehe 18 Machi 2025, sisi wa Maziwa Makuu tulipokuwa tumeelekeza macho Luanda, Kagame na Tshisekedi walikutana Doha bila tangazo lolote la awali.

Lipo pia suala la wanaojua mapema. Januari 2026, akaunti moja ya Polymarket ilipata zaidi ya dola 400,000 kwa dau la kuondoka madarakani kwa Maduro wa Venezuela, lililowekwa muda mfupi kabla ya majeshi ya Marekani kumkamata. Siwezi kusema mwenye akaunti alikuwa nani, ila nikiona bei inaruka usiku bila habari yoyote, siifuati. Huweka oda kwa bei niliyoikadiria mchana, na isipofikiwa naiacha ipite, hasa kwenye masoko madogo ambako pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hula faida yote kabla hata marais hawajapanda ndege.