Mgeni jijini: maswali yenu kuhusu kuhamia Nairobi

Kila mwisho wa mwezi pikapu zilizobeba magodoro na mitungi ya gesi hujaa barabara za mitaa, na maswali nayo huja kwa wingi. Haya ndiyo niliyoyachagua safari hii.

Shikamoo shangazi. Nimepata kazi Upper Hill, nami natoka Kisauni, Mombasa. Rafiki mmoja ananiambia nikae Rongai kwa sababu nyumba ni nafuu, mwingine anasema Githurai. Nitachaguaje mtaa katika mji nisioujua? (Mpwani)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Bei ya nyumba iache kwanza, anza na gari. Jiulize asubuhi utapanda magari mangapi. Anayetoka Githurai kwa matatu namba 45 hushushwa upande wa pili wa mji, kisha avuke katikati ya jiji kwa miguu au atafute gari jingine. Wa Rongai, kwa 125 au 126, hufika stegi ya Railways, na kutoka hapo kupanda Upper Hill kwa miguu kunawezekana, ila foleni ya Barabara ya Magadi na ya Lang'ata itakutoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Ukipata nyumba kando ya Barabara ya Ngong, tuseme Dagoretti Corner au mbele yake, matatu ya 111 hupita karibu na Upper Hill kabla haijaingia mjini. Gari moja tu, umefika.

Kodi huko yaweza kuzidi ya Rongai. Basi chukua karatasi, andika nauli ya kwenda na kurudi kwa siku za kazi za mwezi mzima, ujumlishe na kodi, halafu ulinganishe. Na nauli usiandike ile ya mchana. Hapa nauli haina bei moja: asubuhi na jioni hupanda, na mvua ikianza tu makanga anatangaza nyingine palepale mlangoni, wala hakuna wa kubishana naye.

Kabla hujalipa hata shilingi, ifanye hiyo safari Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wengi huja kuona nyumba Jumapili mchana, na Jumapili mchana kila mtaa wa Nairobi uko dakika ishirini kutoka mjini. Kisha rudi pale jioni giza likiingia, utembee kutoka stegi hadi getini. Angalia kama kuna taa, kama vibanda viko wazi, na kama ile njia mvua ikinyesha inapitika bila gambuti.

Ajenti amenitumia picha za nyumba nzuri sana Kasarani. Anataka ada ya kuiona, na amesema kuna watu wengine watatu wanaitaka, kwa hiyo nitume dipoziti leo nisije nikaikosa. Nitume? (Baba Wawili)

Usitume. Hao watu watatu huwapo kila mara.

Nyumba nyingi za kupanga Nairobi hazihitaji ajenti. Chagua mtaa, tembea ukisoma vibao vya nyumba za kupangisha vilivyoning'inizwa kwenye mageti, uliza keateka, yaani mtunza nyumba. Ukimkosa, muulize mama mboga aliye mkabala na geti. Huyo anajua nani anahama mwisho wa mwezi, anajua maji huja siku gani, na anajua kwa nini ile nyumba ya ghorofa ya chini haikai na mtu.

Ukiipata, jiandae kwa hesabu ya siku ya kuingia. Nyumba ya 15,000 haikugharimu 15,000: kuna kodi ya mwezi wa kwanza, kuna dipoziti ambayo kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi kuna dipoziti ndogo ya maji au stima. Uwe na 30,000 na ziada. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina lililo kwenye mkataba, usilipe kwenye simu ya mtu binafsi, na risiti uitunze.

Kisha, kabla ya kuingiza kitanda, washa kamera ya simu upite chumba kwa chumba. Fungua kila bomba, bonyeza kila swichi, onyesha kioo kilichopasuka na kitasa kinachocheza, umtumie landilodi siku hiyohiyo. Siku ya kuhama ndipo dipoziti hugeuka kuwa rangi ya ukuta na sinki ulilolikuta limevunjika. Video yenye tarehe hupunguza maneno.

Nimeingia nyumba mpya Umoja. Nikinunua tokeni za stima za 500 napata yuniti chache kuliko jirani yangu aliyenunua za 500 siku hiyohiyo. Naibiwa? (Mama Neema)

Huenda huibiwi, mama. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani iko katika ngazi tatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Ngazi ya mita hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Sasa mita haijui kwamba mpangaji amebadilika. Kama aliyekutangulia alikuwa na shawa ya umeme na oveni, wewe unanunua kwa bei yake mpaka matumizi yako yaushushe huo wastani.

Soma pia ujumbe wa tokeni mpaka mwisho, uone kama kuna deni linalokatwa. Likiwa la aliyehama, ni la landilodi kulimaliza, na umwambie sasa, si baada ya miezi sita. Jambo la tatu: uliza kama mita ni ya Kenya Power au ni ndogo ya landilodi. Hizo ndogo huuziwa tokeni na kampuni binafsi, na wengine huongeza ada yao juu.

Hapa kwetu Embakasi maji ya bomba ni ya mgao, siku nyingine zote tunatumia ya kisima cha ploti. Nikiyachemsha vizuri, watoto wanaweza kuyanywa? (Mzazi)

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini ya floridi, na visima vingi virefu vya Nairobi vina floridi nyingi. Tena ukichemsha sana, maji hupungua na floridi hubaki, kwa hiyo huwa kali zaidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya mtoto hutoka na madoa ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki, hasa mtoto mdogo ambaye meno yake ya ukubwani bado yanaundwa.

Ya kisima yawe ya kufua, kuosha vyombo na choo. Ya kunywa na ya kupikia, kinga yale ya bomba siku ya mgao kwenye dramu yenye kifuniko, uyachemshe. Chujio la kawaida la jikoni halitoi floridi. Ukinunua ya kujaziwa dukani, uliza kama mtambo wao unaiondoa, na uangalie alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Niko Zimmerman tangu mwaka jana na sijui jina la jirani hata mmoja. Kwetu Busia ningekuwa nimeshakula kwa watu wote. Nimekosea wapi? (Mpweke)

Hujakosea popote, ndugu yangu. Watu wa ghorofa hizo hutoka gizani na kurudi gizani, na mlango ukifungwa ni wa kulala. Ukiwabishia hodi saa tatu usiku watadhani kuna moto.

Wapate wanapopatikana: darini, kwenye kamba za nguo, Jumamosi au Jumapili. Pale kila mtu ana beseni, hana haraka, na kuna jambo la kuzungumza tayari, maana pini za kuanikia huwa zimepotea na shuka la mtu limeangukia la mwingine. Mvua ikija ghafla, anua na za jirani uzikunje. Hapo jina utaambiwa bila kuuliza. Zaidi ya hapo, chagua kitu kimoja cha kila wiki, kwaya, darasa la msikitini au timu ya mpira ya mtaa, uende hata siku ambayo hujisikii. Chama cha kuchangiana pesa kisubiri kwanza. Usiweke akiba yako kwa watu ambao hujui hata wanalala mlango gani.

Tumehamia Ruaka, tunafanya kazi Nairobi. Basari ya kaunti, ule msaada wa karo, tunaomba Nairobi? (Wazazi)

Hapana. Ruaka ni Kaunti ya Kiambu, eneo bunge la Kiambaa, hata kama mchana wote mko Westlands. Rongai na Kitengela nazo ni Kajiado, Syokimau ni Machakos. Anzieni kwa chifu wa hapo Ruaka, mkiwa na vitambulisho na barua ya shule. Na kama kura yenu bado iko kijijini na mngependa kupigia hapo, uhamisho hufanywa katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya Kiambaa.