"Halikunjiki" na "siwezi kukunja" ni kitu kimoja?

Kuna dada anasomea fiziotherapia, yuko fildi saa hizi, kaniuliza: mgonjwa mmoja anamwambia "goti halikunjiki", mwingine anasema "siwezi kukunja goti", je kwenye faili aandike vilevile au Kiswahili kinatofautisha?

Kinatofautisha dada, tena tofauti yenyewe ndo ileile unayoipima kila siku. Ukisema kunja lazima awepo mkunjaji, kwahiyo "siwezi kukunja" shida iko kwa mtu, labda msuli hauna nguvu, labda anaogopa maumivu. Kunjika, ile -ik- inamtoa mtu kabisa, linabaki goti lenyewe kama linakubali au linagoma, hata akilikunja mwingine. Sasa si ndo maana mnapima mara mbili, mgonjwa kalala kifudifudi, anakunja mwenyewe, halafu analegea unamkunjia wewe taratibu, goniometa (kile kifaa cha kupimia pembe) pembeni ya goti, mkono mmoja wa kifaa unafuata paja mwingine unafuata mguu chini ya goti. Akikunja mwenyewe ikaishia nyuzi 70, ukamkunjia ikafika 130, hilo goti LINAKUNJIKA, ila yeye hawezi kulikunja, kaangalie misuli ya nyuma ya paja. Ikigoma kwenye 70 zote mbili ndo unaandika halikunjiki kupita hapo.

Kwenye kunyoosha kuna mtego. "Goti halinyooki" inasema tu halifiki likawa limenyooka kabisa, haisemi kama kuna mtu kajaribu kulivuta. Ukishalinyoosha kwa mkono wako likakataa, neno lake ni halinyoosheki.

Ila usimpime mgonjwa kwa neno lake, mtaani watu wanachanganya na hawana kosa, kaja na maumivu hajaja na sarufi. Andika alivyosema yeye, chini yake ulichopima.

Na kwenye nguvu ya msuli, ile ya alama 0 (msuli haujikazi kabisa) mpaka 5 (nguvu kamili), naomba sana muache kumwambia mtu "kaza". Kaza haina upande, mtu anakaza mwili mzima mpaka meno na mguu hauendi popote. Alama 3 unaitafuta mgonjwa kakaa miguu inaning'inia, unamwambia "nyoosha goti", kama ananyoosha mpaka mwisho kwa kuushinda uzito wa mguu wake. 4 na 5 weka mkono juu kidogo ya kifundo cha mguu, mwambie "shikilia hapohapo, usikubali nikushushe", kila mtu anaelewa hiyo, hata bibi wa miaka 80.